Mjomba ananipa .30-06, shemeji anataka ninunue 6.5: nimsikilize nani?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa makamo, na uwindaji nimeuingia ukubwani. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimsindikiza mjomba wangu porini, kazi yangu kubeba darubini na kusoma nyayo. Sasa nimemaliza mafunzo, kibali ninacho, kilichobaki ni kupata bunduki yangu mwenyewe. Hapo ndipo nyumba ilipowaka moto.

Mjomba amestaafu. Magoti hayamruhusu tena kupanda vilima, na anataka kunikabidhi bunduki yake ya .30-06 Springfield, ile aliyowinda nayo maisha yake yote. Anasema hakuna mnyama aliyewahi kulalamika kwamba alipigwa na risasi ndogo mno. Kwake yeye, kunipa bunduki ile ni kama kunipa jina lake.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anaona hayo ni mambo ya kale. Anasema .30-06 ni risasi ya vita vya mababu, na kwamba mtu mwenye akili leo ananunua 6.5 Creedmoor. Ananiambia kwa risasi hiyo nitaangusha mnyama mita 700 bila wasiwasi. Mjomba akimjibu kwamba risasi hiyo ni nyembamba, shemeji anamtolea mfano wa Bell, yule mwindaji wa zamani aliyeua tembo kwa risasi nyembamba kuliko ya mjomba. Na kana kwamba hao hawatoshi, rafiki yetu mmoja wa klabu ya shabaha anasema wote wawili wamepotea, nichukue .300 Winchester Magnum, kwa kuwa nguvu haijawahi kuzidi.

Sasa nikwambie nisilomwambia mjomba. Bunduki yake nimeipiga uwanjani mara kadhaa. Inanipiga teke hadi bega linavilia damu, na kuna siku darubini iliyofungwa juu yake ilinichana juu ya nyusi. Siku hizi nikiishika najikuta nafumba macho kabla haijalia. Ya shemeji nimeipiga pia, na matundu yalikaa karibu karibu kwenye karatasi, lakini sijui kama sababu ni risasi, ni bunduki, au ni bahati.

Wanyama nitakaoruhusiwa kuwinda ni swala wa ukubwa wa kati na nguruwe mwitu. Huenda siku za mbele nikapata kibali cha mnyama mkubwa zaidi. Mjomba na shemeji wamefika mahali hawakai meza moja bila kununiana. Kuna aliye na haki kati yao? Na kama .30-06 imependwa miaka yote hiyo, si ni kwa sababu ni bora?

Mpwa aliye njia panda

JIBU

Marahaba mwanangu,

Naanza na bega na nyusi zako, maana jibu la barua yako limelala hapo zaidi ya mahali pengine popote. Mtu anayefumba macho kabla bunduki haijalia amekwisha kukosa, awe ameshika .30-06 au kitu kingine chochote. Mwili umejifunza kuogopa teke. Kidole kinapovuta, bega linasukuma mbele, mkono unakaza, mtutu unainama, na risasi inatua pembeni au chini ya pale ulipolenga. Kwenye karatasi hasara yake ni risasi moja. Kwa mnyama, hasara yake ni mguu uliovunjika au tumbo lililopasuka, na kiumbe kinachokwenda kufia kichakani kwa saa nyingi huku ninyi mkitafuta damu kwenye majani. Mabishano yote ya mjomba na shemeji yanamsahau huyo, naye ndiye mwenye haki ya kwanza katika jambo hili.

Kwa hiyo tuongee kwanza habari ya teke, kwa takwimu. Chukua bunduki ya kilo 3.6 hivi pamoja na darubini yake. Ikipiga .30-06 ambayo kichwa chake, yaani kile kipande kinachoruka, kina greni 180, sawa na gramu kama 11.7, inarudi begani kwa nguvu ya takriban jouli 27. Bunduki ya uzito uleule ikipiga 6.5 Creedmoor ya greni 140 inarudi kwa jouli kama 16. Ile .300 Winchester Magnum ya rafiki yenu inapita 35. Wanaume wengi wanaovumilia ya kwanza hawaivumilii ya tatu, ila hawasemi. Nimewaona uwanjani watu wenye mabega mapana wakifumba macho kama unavyofumba wewe, halafu wanalaumu darubini.

Ila usiipakie risasi ya mjomba lawama zote. Darubini iliyokuchana nyusi inanieleza jambo jingine: kitako cha bunduki ile ni kirefu kwako, au darubini imefungwa nyuma mno, au yote mawili. Bunduki nyingi hutengenezwa kwa mikono ya mwanamume wa kimo cha wastani. Kitako kikizidi urefu wa mikono yako, unanyoosha shingo mbele kufuata darubini, kitako kinakaa kwenye mfupa wa bega badala ya nyama ya kifua, na teke linakukuta umekaa vibaya. Fundi mzuri wa bunduki anaweza kupunguza kitako, akafunga mpira mnene nyuma yake, na kuisogeza darubini mbele hadi nafasi kati ya kioo na jicho lako ikafika sentimita 8 au 9. Bunduki ya shemeji huenda ilikukaa vizuri tu. Kabla ya kusema risasi fulani imekushinda au imekupenda, uliza kwanza kama bunduki imekatwa kwa mwili wako.

Kuna pia suala la kelele. Watu wengi wanadhani wanaogopa teke kumbe wanaogopa mlipuko. Vaa vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake, vyote viwili kwa pamoja, kila unapofanya mazoezi. Mtu akikushauri ufunge kile kifaa cha mdomoni mwa mtutu kinachotupa gesi pembeni ili teke lipungue, ujue kwamba kweli kinapunguza, lakini kinakurudishia wewe na aliye jirani yako kelele kubwa zaidi. Mimi sikupendekezei kwa bunduki ya kuwindia, kwa sababu porini watu husahau vizibo na masikio hayaoti upya.

Sasa nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo ni zuri kuliko yote: je, kupendwa kwa risasi ni ushahidi wa ubora wake?

Tazama .30-06 yenyewe. Ile 30 ni kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, sehemu 30 kati ya 100 za inchi moja, na 06 ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoichukua ikiwa na kichwa kipya chenye ncha kali. Bunduki za jeshi hilo zilitumia risasi hiyo katika vita kuu zote mbili. Mamilioni ya vijana walijifunza kupiga shabaha kwa .30-06, wakarudi makwao, wakataka kuwinda kwa kitu walichokizoea, na bunduki za ziada za jeshi zikauzwa kwa raia. Viwanda vikafuata wateja. Risasi ilikuwa nzuri, sikatai, inabeba vichwa vya greni 110 hadi 220 na kwa hiyo inafaa wanyama wa kila aina. Lakini ilikuwepo 7x57 Mauser ya miaka ya 1890, iliyokuwepo kabla yake na inayofanya karibu kazi zote hizo kwa teke dogo. Ile .30-06 ilipata jeshi kubwa zaidi nyuma yake.

Halafu likaja jeshi lilelile na kutaka ganda, yaani kile kikopo kinachoshika baruti, liwe fupi zaidi. Ndipo ikazaliwa .308 Winchester, ambayo raia waliipata mwaka 1952, na ndugu yake wa kijeshi 7.62x51 akapokelewa na umoja wa kijeshi wa NATO mwaka 1954. Ganda lake lina milimita 51, la .30-06 lina 63. Ungedhani ufupi huo ungeigharimu sana. Kwa kichwa cha greni 150, .308 hutoka mtutuni kwa mita kama 860 kwa sekunde, na .30-06 kwa mita kama 887. Tofauti ya mita 27 kwa sekunde! Watu wamenuniana miaka 70 kwa ajili ya tofauti hiyo, na hakuna swala anayeweza kuihisi.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa mwaka 1955. Mwaka huo watengenezaji Winchester walitoa .243 na wapinzani wao Remington wakatoa .244, zote za kipenyo kilekile cha milimita 6, zikifanana kasi kwa karibu kabisa. Moja inauzwa hadi leo kila pembe ya dunia, nyingine wengi hawajawahi kuiona. Kilichoamua ni msokoto wa michirizi ndani ya mtutu, ile inayokizungusha kichwa kisiyumbe. Remington waliamini watu wataitumia kwa wanyama wadogo waharibifu, wakasokota michirizi polepole, mzunguko mmoja kila inchi 12, na hiyo haikutosha kutuliza angani kichwa kirefu cha greni 100. Winchester walisokota mzunguko mmoja kila inchi 10, wakauza kichwa cha greni 100, na mwindaji aliyetaka bunduki moja ya wanyama waharibifu wa shamba na ya paa akawafuata wao. Baadaye Remington walirekebisha msokoto na kubadilisha jina, ikawa 6mm Remington, lakini soko lilikwisha kwenda.

Walipata pigo jingine kwa .280 Remington ya mwaka 1957. Ni ganda la .30-06 lililobanwa shingo hadi milimita 7, risasi ya kupendeza kabisa, na mimi naihesabu miongoni mwa zile zilizopangwa vizuri kuliko zote za ukoo huo. Ila .270 Winchester ilikuwa sokoni tangu 1925, na mwandishi Jack O'Connor aliisifia kwa miongo kadhaa mbele ya wasomaji waliomwamini. Juu ya hayo .280 ilijazwa baruti kwa upole ili isizitese bunduki za kujipakia zilizotoka nayo. Mwaka 1979 wakaibatiza 7mm Express, watu wakaichanganya na 7mm Remington Magnum, jambo la hatari, na ikabidi jina la zamani lirudishwe. Hakuna kati ya hayo linalomhusu mnyama.

Sasa usidhani hoja hii inampa shemeji ushindi, kwa sababu 6.5 Creedmoor yake ilipanda kwa njia hizohizo. Kampuni ya Hornady waliitoa mwaka 2007. Miaka kumi nyuma yake, 1997, Remington walikuwa wameingiza .260, ya kipenyo hichohicho cha milimita 6.5, na kasi zao ni kama mapacha. Ila Creedmoor ilipangwa tangu mwanzo kwa vichwa virefu vyembamba: ganda ni fupi kidogo ili kichwa kirefu kipate nafasi ndani ya magazini fupi, msokoto ni mzunguko mmoja kila inchi 8, na siku ya kwanza tayari kulikuwa na risasi za kiwandani za kushindania shabaha, kwa hiyo mtu hakulazimika kujaza za kwake nyumbani. Na kama shemeji anadhani kipenyo hicho ni uvumbuzi wa vijana, mwambie kwa upole kwamba Wasweden na Wanorwei walikuwa na 6.5x55 tangu 1894, na hadi leo Waskandinavia wanawinda elki kwa risasi hiyo, mnyama wa kilo mia kadhaa.

Jambo hilo la elki linamgusa mjomba pia, kwa kuwa yeye ndiye anayesema 6.5 ni nyembamba. Nyembamba ndiyo, lakini ndefu. Kinachofanya kichwa kizame ndani ya mwili ni uzito wake ukilinganishwa na upana wa tundu linalotoboa, pamoja na jinsi kilivyoundwa. Kwa kipimo hicho, kichwa cha 6.5 cha greni 140 kinazidi kidogo kile cha .30 cha greni 180, na kinakiacha mbali kile cha greni 150. Akichagua kichwa kilichoundwa kwa uwindaji, kinachofunguka bila kusambaratika, hakuna swala wa kati wala nguruwe mwitu ambaye 6.5 itamshindwa pale bega linapopakana na mbavu. Wanaolalamika kuhusu 6.5 mara nyingi walitumia vichwa vya kushindania shabaha, vyenye gamba jembamba la nje, kazi ambayo havikuundiwa.

Na umbali? Ukiziweka zote mbili sawa kwenye mita 200, kwenye mita 300 tofauti ya kushuka kwao ni sentimita chache tu. Faida ya 6.5 iko mbali zaidi ya hapo, hasa kwa upepo, kwa sababu kichwa chembamba kinapasua hewa vizuri na kinatunza kasi. Kwenye uwanja wa shabaha wa mita 800 au 1,000 ningeichukua bila kufikiri mara mbili.

Ila hiyo habari ya kuangusha mnyama mita 700 bila wasiwasi, mwanangu, ikatae. Ikatae mbele ya mtu yeyote. Kwa umbali huo risasi ya 6.5 inakaa angani zaidi ya sekunde moja, na swala anayekula majani anaweza kupiga hatua mbili ndani ya muda huo. Risasi iliyowekwa sawa kwa mita 200 inakuwa imeshuka zaidi ya mita tatu. Ukikosea umbali kwa mita 30, risasi inapita juu au chini kwa zaidi ya sentimita 30, ilhali moyo na mapafu ya mnyama wa kati vimekaa ndani ya duara la sentimita 20 hivi. Upepo wa bondeni usiouona unaweza kuimaliza nafasi iliyobaki. Ubao hauumii ukikosewa. Wewe kwa sasa mpaka wako ni ule umbali ambao risasi zako zote, ukiwa umepiga goti au umeegemea fimbo ya kulengea, zinaingia kwenye duara hilo. Ikiwa ni mita 120, basi mnyama wa mita 150 hujamfikia, msogelee au mwache.

Kuhusu Bell: ni kweli W.D.M. Bell aliua tembo zaidi ya elfu moja, na wengi wao kwa 7x57, risasi ndogo kuliko ya mjomba wako. Shemeji anausimulia mfano huo nusu. Bell alichunguza mafuvu ya tembo mpaka akajua ubongo umekaa wapi ukimtazama kutoka kila upande, alitumia vichwa vigumu visivyofunguka, akapiga akiwa karibu, na alikuwa mlengaji wa namna ambayo haitokei mara nyingi. Mfano wake unathibitisha kwamba mahali risasi inapoingia ndipo panapoua. Hauthibitishi kwamba mimi au wewe tutafute tembo kwa risasi nyembamba. Sheria za nchi kadhaa za Afrika zinadai kaliba isiyopungua .375 kwa nyati na tembo, na .375 Holland & Holland ya mwaka 1912 bado ndiyo kipimo ambacho nyingine hupimwa nayo. Siku ukipata kibali cha mnyama wa namna hiyo, wala ya mjomba wala ya shemeji haitakufaa, na utaniandikia tena.

Rafiki yenu wa magnum sina maneno mengi naye. Risasi yake, ya mwaka 1963, ni nzuri kwa mtu mwenye mnyama mkubwa, uwanda mpana, na bega lililoizoea. Wewe huna hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Nguvu huzidi, na huzidi pale inapomfanya mlengaji afumbe macho.

Basi uamuzi wangu ni huu. Bunduki yako ya kwanza iwe ya kipenyo cha 6.5. Iwe Creedmoor au 6.5x55 ya zamani, ipi kati ya hizo ni juu ya kile unachoweza kupata risasi zake kwa urahisi na kwa wingi mahali unapoishi na unapowinda. Kama hapo ulipo .308 au .243 ndiyo iliyojaa kwenye rafu na hizo 6.5 ni za kuagiza, chukua iliyojaa, maana risasi unayoogopa kuitumia kwenye mazoezi kwa kuwa ni adimu haitakufundisha kitu. Kwa .243 ubaki kwa swala na uchague vichwa vizito. Fundi akupimie kitako. Kisha piga risasi nyingi za .22 kwa bunduki ndogo, taratibu, hadi kidole kisahau kushtuka, ndipo uende kwenye ile kubwa, risasi chache kila siku ya mazoezi na uache kabla bega halijachoka.

Ya mjomba usiikatae. Mwambie unaipokea, na mwambie na ukweli wote: bega, nyusi, na macho yanayofumba. Mzee aliyekufundisha kusoma nyayo ataelewa, na ataumia zaidi akija kujua ulimficha kisha ukamjeruhi mnyama kwa bunduki yake. Mpe na kazi ya kufanya. Mwombe akusimamie uwanjani: yeye ndiye apakie bunduki, mara aweke risasi halisi, mara aweke ile bandia ya mazoezi isiyo na baruti, wewe usijue ipi ni ipi. Ukivuta kwenye bandia na mtutu ukainama, wote wawili mtaona kwa macho yenu. Hakuna zoezi linalotibu hofu ya teke upesi kama hilo, na jicho la mzee mwenye uzoefu ni bora kuliko la mwalimu yeyote wa kukodi. Shemeji naye mkaribishe, alete bunduki yake, na wote watatu mpige mkiegemea fimbo ya kulengea kwa mita 100 badala ya kutoka mezani. Ninavyowajua watu wa namna yao, matundu yao kwenye karatasi yatapoza ubishi zaidi ya barua yangu hii.

Hofu ikitoka, irudie .30-06 kwa mpango. Zipo risasi zake za kiwandani zenye kichwa chepesi na baruti iliyopunguzwa, ambazo teke lake ni karibu nusu ya zile anazotumia mjomba, na kwa swala wa umbali wa karibu zinatosha. Anza na hizo, panda hadi greni 150, na greni 180 uziachie mnyama mkubwa zaidi utakapopata kibali chake. Kwa kazi hiyo bunduki ya mjomba itakuwa imekupa kitu ambacho 6.5 haina: uwanja mpana wa uzito wa vichwa.

Makabidhiano yafanyike mbele ya mamlaka ya silaha ya nchi yako, kwa maandishi, hata kama ni zawadi ya ndani ya ukoo. Hadi bunduki iandikwe kwa jina lako, ikae kwenye kabati la mjomba chini ya ufunguo wake.

Na nyumba ikishakuwa na bunduki mbili za kaliba tofauti, pawe na utaratibu usiovunjwa. Makalio ya maganda ya 6.5 Creedmoor, .308, .270 na .30-06 yana upana uleule, kwa hiyo macho hudanganyika na mikono huchanganya. Risasi ya .308 inaweza kuingia ndani ya chumba cha .30-06, na ikipigwa humo ganda linaweza kupasuka. Mtutu una kaliba yake imegongwa kwenye chuma na kila ganda lina maandishi yake kwenye kalio: soma vyote viwili kila unapopakia. Siku ya uwindaji beba aina moja tu, na zile nyingine ziache nyumbani zikiwa kwenye boksi lake, kabati tofauti na bunduki.